Baraza la Rufaa la Pensheni za Wanajeshi: Namna ya Kulidai Kutoka Arusha

Arusha ni mji wa mahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa ndani ya jengo la AICC hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na chombo kilichoirithi kina majengo yake Lakilaki, Arumeru. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa. Mahakama Kuu ina kanda yake, na tangu 2021 mji una Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Lakini sajenti mstaafu wa Ngarenanyuki anayeamini kwamba kiinua mgongo chake kilikokotolewa kwa cheo cha koplo hana hata dirisha moja lililofunguliwa kwa ajili yake. Ama anarudi ofisi ileile iliyompigia hesabu, ama anakwenda Mahakama Kuu kuishitaki Serikali.

Mwongozo huu ni wako wewe unayewaongoza wastaafu wenzako wa Arusha, Monduli au Meru, au mtoto wa mstaafu uliyechoka kumsindikiza mzee Dodoma, au wakili kijana uliyeombwa ushauri na hukujua uanzie wapi. Unahusu kazi moja: kuandaa pendekezo la sheria la kuunda baraza huru la rufaa za pensheni za wanajeshi, lililoandikwa vizuri kiasi kwamba Serikali ikilikataa italazimika kusema sababu.

Zijue kwanza njia zilizopo

Usiende kudai chombo kipya kabla ya kuonyesha kwamba vilivyopo havitoshi. Ofisa yeyote wa wizara atakuuliza swali hilo kabla hujaketi.

Mfanyakazi wa kiwandani Njiro akidhulumiwa mafao anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mwanajeshi hawezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawatoa waziwazi askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Mahakama za kijeshi nazo ni za nidhamu na makosa. Hazipigi hesabu za mafao.

Kuishitaki Serikali kunawezekana, ila kwanza utoe notisi ya siku 90, kisha ufungue shauri Mahakama Kuu na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukitaka mapitio ya uamuzi wa kiutawala, uombe kibali ndani ya miezi sita. Hata ukikipata, jaji wa mapitio hutazama zaidi kama utaratibu ulifuatwa. Hakai na kikokotoo kutafuta miaka mitatu ya utumishi iliyopotea kwenye hesabu. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora itapokea malalamiko na kuchunguza, lakini inachotoa mwishoni ni mapendekezo.

Na zile mahakama za kimataifa zilizo jirani? Tanzania iliondoa Novemba 2019 tamko lililowaruhusu wananchi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika, na kuondoa huko kulianza kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki bado inapokea mashauri ya raia, ila ndani ya miezi miwili tu tangu kitendo kinacholalamikiwa, na inachopima ni kama Mkataba wa Jumuiya umevunjwa.

Hapa kuna kisa kinachohusu mji huu moja kwa moja. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha, ilivunjika 1977. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia sahihi makubaliano ya kugawana mali na madeni, na kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa watu wake. Watanzania waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya, zaidi ya 31,000, walihangaika ofisini na mahakamani hadi wakafikia hati ya makubaliano na Serikali Septemba 2005, na hata baada ya hapo walibaki wakilalamika kwamba hawakulipwa chote. Wenzao wa Kenya, mamia, walikuja Arusha mwaka 2010 na shauri lao katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Likatupwa: mambo yao yalitokea kabla ya Mkataba mpya kuanza kutumika mwaka 2000. Hawakuambiwa kwamba hawadai. Waliambiwa tu kwamba mlango ule haukuwa wao. Kiweke kisa hiki kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo lako, kwa sababu wakubwa wengi wa Serikali wanakikumbuka na hakuna anayetaka kukirudia.

Shika hoja ya Katiba pia, lakini kwa ufupi. Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria dhidi ya uamuzi wa mahakama au chombo kingine kinachoamua haki zake. Inatosha kuitaja.

Jalada ndilo kiini

Watu wengi wanaoandika mapendekezo ya namna hii huanza na viti: mwenyekiti awe nani, wajumbe wangapi, posho kiasi gani. Mimi ningeanza na jalada. Kila kitu kinachoamua pensheni ya mwanajeshi, yaani tarehe ya kuandikishwa, kupandishwa cheo, mshahara wa mwisho, kulazwa katika hospitali ya jeshi ya Lugalo, kujeruhiwa, kimo kwenye jalada, na jalada linashikwa na upande unaodaiwa. Mstaafu ana barua ya tuzo ya pensheni, kitambulisho na kumbukumbu yake. Baraza lisiloweza kuagiza jalada lije mezani ndani ya muda maalumu litakuwa linasikiliza upande mmoja, hata kama mwenyekiti wake ni jaji mwadilifu kuliko wote.

Kwa hiyo kifungu cha kwanza cha rasimu yako kiseme hivi kwa lugha ya kawaida: rufaa ikisajiliwa, Makao Makuu ya Jeshi yataleta nakala kamili ya jalada la utumishi na la matibabu ndani ya siku 60, na mkata rufaa atapewa nakala yake bila malipo. Kifungu cha pili kiseme kinachotokea lisipoletwa: baraza litayachukua maelezo ya mstaafu kuwa ya kweli, isipokuwa yakanushwe kwa ushahidi mwingine.

Hiki cha pili kitapingwa. Utaambiwa kila tapeli atadai alikuwa meja. Jibu lako liwe na mifano. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza ghala la kumbukumbu za watumishi wa jeshi la Marekani huko St. Louis, na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Serikali ya Marekani haikuwaambia wale wazee kwamba moto umekula haki zao. Iliruhusu ushahidi wa namna nyingine, na mahakama yao ya rufaa za wanajeshi wastaafu ikaja kusema kwamba jalada likipotea mikononi mwa Serikali, wajibu wa Serikali wa kumsaidia mdai na kueleza sababu za uamuzi wake unaongezeka. Uingereza iliandika kanuni ya jirani na hiyo mwaka 1943, katikati ya vita: mdai wa pensheni ya vita asibebeshwe mzigo wa kuthibitisha, na penye shaka ya msingi apewe yeye.

Mfano mwingine ni wa nchini kwetu. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee waliopigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza hapa Tanganyika. Inasimuliwa kwamba mlipaji alipofika Mwanza alikuta wazee wachache tu wenye hati. Waliobaki wakapewa ufagio mmoja mmoja na kuamrishwa kwa Kijerumani kufanya gwaride la silaha, na hakuna aliyekosea. Sipendekezi mitihani ya ufagio. Ninachosema ni kwamba utumishi unaweza kuthibitishwa na mtu aliyekuwa naye kwenye kikosi, na picha, na barua ya zamani, na kovu linalosomeka kwa daktari, na sheria yako ivitaje vyote hivyo kuwa ushahidi halali.

Vita ya Kagera inalifanya jambo hili kuwa la haraka. Mwaka 1978 na 1979 jeshi lilipanuka ghafla. Mgambo, polisi na askari magereza walipelekwa mstari wa mbele pamoja na wanajeshi wa kawaida. Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, leo amevuka 65. Rasimu yako iamue wazi kama mgambo wa wakati ule anaweza kukata rufaa, angalau juu ya fidia ya kuumia. Ukiliacha suala hilo bila kulitaja, litaamuliwa na karani.

Nani akae, na nani alipe

Wajumbe watatu kwa kila shauri wanatosha: mwanasheria mwenye sifa za kuwa jaji kama mwenyekiti, daktari, na mstaafu wa jeshi. Mpangilio wa mwanasheria, daktari na mtu aliyelitumikia jeshi umetumika kwa miaka mingi katika mabaraza ya Uingereza ya pensheni za vita. Daktari asitoke hospitali ya jeshi. Kwa kanda yetu, hospitali za KCMC na Mount Meru zina mabingwa wa mifupa na masikio wanaoweza kuitwa kwa siku moja. Mstaafu naye achaguliwe kutoka orodha yenye vyeo vyote. India, nchi yenye baraza kubwa la majeshi, huwataka wajumbe wake wa upande wa jeshi wawe wamefikia umeja jenerali. Mimi nisingefuata njia hiyo. Koplo anayesikilizwa na jenerali huwa bado amesimama mguu sawa moyoni mwake.

Ila India ina somo kubwa zaidi, na ndilo la kukaa nalo. Sheria yao ya Baraza la Majeshi ni ya 2007, na baraza likaanza 2009, likiwa na makao New Delhi na matawi mikoani. Mashauri mengi yanayofika pale ni ya pensheni. Tatizo ni mahali lilipowekwa: fedha zake, majengo yake na watumishi wake viliwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi, ambayo ndiyo mdaiwa karibu katika kila shauri. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana iliagiza lihamishiwe Wizara ya Sheria. Zaidi ya hapo, baraza lilianzishwa bila uwezo wa kumwadhibu ofisa anayepuuza amri zake za madai, hivyo mzee akishinda alianza safari nyingine ya kutafuta utekelezaji. Afrika Kusini nayo iliunda bodi ya rufaa kwa sheria yake ya wanajeshi wastaafu ya 2011, na wajumbe huteuliwa na waziri yuleyule ambaye idara yake inalalamikiwa. Huko malumbano makali yamekuwa ya kujua nani yumo kwenye daftari la wastaafu na nani hayumo. Suala la jalada tena.

Kwetu, vitabu vya bajeti vinaonyesha kwa namba tofauti kati ya mdaiwa na mwamuzi. Wizara ya Ulinzi ina Fungu 57, Ngome ina Fungu 38, JKT Fungu 39. Mahakama ina Fungu 40. Rasimu yako iombe baraza liwe chini ya Fungu 40, au angalau chini ya wizara yenye dhamana ya sheria, na wenyeviti wapatikane kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama kwa kipindi kisichoweza kukatishwa na waziri. Usikubali maelewano ya kuanza ndani ya wizara kisha kuhama baadaye. Kuhama huko huwa hakuji.

Kiolezo cha nyumbani kipo. Baraza la Rufani za Kodi huongozwa na jaji wa Mahakama Kuu, na rufaa kutoka hapo huenda Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria tu. Kama mfanyabiashara anayebishana na TRA anastahili chombo cha namna hiyo, itakuwa vigumu kwa mtu yeyote kueleza kwa nini aliyelinda mpaka hastahili.

Nguvu ya kuamuru

Wameru wanalijua suala hili kuliko wengi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Ngarenanyuki kwa nguvu ili kuwapa walowezi ardhi, na 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko yao. Alisikilizwa. Jina la Tanganyika likasikika duniani. Ardhi haikurudi kwa kikao kile. Kusikilizwa na chombo kisichoweza kuamuru kuna faida zake, lakini mzee wa miaka 70 hana muda wa faida za namna hiyo.

Andika basi kwamba uamuzi wa baraza utatekelezwa kama hukumu ya Mahakama Kuu. Kwamba Hazina italipa ndani ya siku 90. Kwamba ikichelewa deni litaongezeka kwa riba. Na kwamba malimbikizo yahesabiwe tangu siku haki ilipoanza, si tangu siku ya uamuzi. Ukilazimika kupunguza matakwa yako mezani, hili la malimbikizo liwe la mwisho kuachwa.

Muda wa kukata rufaa uhesabiwe tangu mstaafu alipopewa sababu za maandishi. Barua yenye tarakimu bila maelezo isianzishe saa. Miezi sita inafaa, na kwa madai ya zamani weka dirisha la miaka mitatu tangu sheria ianze.

Wajane wasisahaulike. Mkata rufaa akifariki, shauri liendelee kwa jina la mjane au msimamizi wa mirathi bila kuanza upya. Longido na Monduli zina ndoa nyingi za kimila zisizo na cheti, na nyumba zenye wake wawili au watatu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazitambua ndoa za kimila na za wake wengi, na kifungu chake cha 160 kinatoa dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili wakijulikana kama mke na mume. Baraza lako lifungwe na sheria hiyo, lisiongozwe na fomu ya zamani ya kikosi yenye nafasi ya jina la mke mmoja.

Baraza litembee. Likae Arusha mjini, ndiyo, lakini lifike pia Monduli, Longido na Karatu kwa vipindi vilivyotangazwa. Lisitoze ada. Lifanye kazi kwa Kiswahili, jambo ambalo tangu marekebisho ya sheria ya 2021 halihitaji kubembelezwa. Mstaafu aruhusiwe kuja na wakili, msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, au mwanawe.

Kuhusu siri za ulinzi, jiandae mapema, maana ndiyo kinga ya kwanza utakayokutana nayo. Pensheni inahitaji tarehe, cheo, mshahara na majeraha. Haihitaji kujua kikosi kilikuwa na silaha gani wala kilipiga kambi wapi. Pale sehemu ya jalada inapogusa operesheni, mwenyekiti aisome faraghani na kuamua mwenyewe kama ifunikwe. Uamuzi huo usiachwe kwa aliyelileta jalada.

Safari ya pendekezo

Hapa ndipo wengi hupotea. Unaweza kumshawishi mbunge wako alete muswada binafsi, na kanuni za Bunge zinaruhusu. Lakini Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia jambo linalotoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa Rais amependekeza na waziri akaliwasilisha. Baraza lenye mishahara, na uamuzi unaoilazimisha Hazina kulipa, vyote ni fedha. Muswada binafsi utakwama mlangoni. Mbunge mtumie kwa kazi nyingine: maswali ya msingi bungeni, na kuifikisha hoja mbele ya Kamati ya Kudumu ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama. Pendekezo lenyewe lielekezwe kwa Waziri wa Katiba na Sheria na Waziri wa Ulinzi na JKT, na nakala Tume ya Kurekebisha Sheria.

Kamati yenu ya maandalizi iwe ndogo, na isiwe ya maofisa watupu. Awemo askari wa cheo cha chini, awemo mjane, awemo mtu wa hesabu. Ziombeni jumuiya za wastaafu, kama Tanzania Legion na MUWAWATA, barua za kuunga mkono, lakini msisubiri ziongoze. Maandamano na mikutano ya waandishi yaacheni kwanza. Mstaafu ni raia huru, hazuiwi tena na masharti ya aliye kazini, ila katika suala la jeshi mlango ukifungwa kwa hasira huchukua miaka kufunguka.

Ushahidi wenu uwe mashauri halisi. Kusanyeni majalada ya wastaafu 20 au 30 wa wilaya zote za mkoa, kila moja likiwa na kurasa tatu: barua ya tuzo, hesabu ya mtu wenu wa hesabu ikionyesha tofauti, na orodha ya barua zilizoandikwa na majibu yaliyopatikana. Onyesheni tofauti kwa shilingi. Yale ambayo baada ya kuhesabu yanaonekana hayana dosari, yaondoeni na kumweleza mwenye nalo ukweli. Msikusanye fedha kwa ahadi ya kumlipia mtu mafao. Matapeli wa mafao wamewazoea wazee, na kamati yenu ikifanana nao siku moja tu, imekwisha.

Wakati haya yakiendelea, kila mstaafu atunze nakala tatu za barua ya tuzo, hati ya kustaafu, barua ya ajira ya kwanza, kitambulisho na kadi ya benki, na asikose uhakiki wa wastaafu unapotangazwa, kwa sababu malipo husimama kwa jina lisilohakikiwa. Anayedhani amepunjwa aombe sababu kwa maandishi sasa hivi, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu tarehe: Bunge hujadili mapendekezo ya mpango na bajeti ya mwaka unaofuata Novemba, bajeti hupitishwa Juni, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Pendekezo litakalofika mezani kwa waziri Machi limechelewa mwaka mzima. Lifikisheni kabla ya Oktoba.